Matanga ya Ng'ombe wa Endiinzi

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nalisema mapema ili asije mtu kuniuliza ni shule gani iliyonifundisha kupiga picha. Hakuna. Nilivuka kutoka Kivu ya Kusini kamera ikiwa imefungwa ndani ya nguo za mtoto, nikafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikapewa kiwanja sehemu ya Rubondo, na kabla sijavuna maharagwe ya kwanza nilikuwa nimetundika kitambaa cha bluu kwenye ukuta wa udongo na kuanza kuita watu. Jembe lilinilisha, lakini mabati ya nyumba yangu yalitoka kwenye ile kamera.

Watu wa kambini wanapenda picha kuliko watu wa mjini, kwa sababu picha zetu za zamani ziliungua pamoja na nyumba. Mtu alikuja amevaa koti la kuazima, ameshika redio ya jirani, nami nikampiga hivyo hivyo, tajiri. Hakuna aliyetaka kupigwa picha alivyo. Walitaka walivyokuwa zamani, au watakavyokuwa Mungu akipenda. Na miguuni pao niliweka maua ya bibi yangu. Sisi Wakongo tukisema bibi tunamaanisha mke.

Maua hayo lazima niyaeleze, maana habari yote inatoka kwao. Kwetu tulikuwa tukisema sashe. Uganda tukakuta wanaita kavera, ule mfuko mwepesi wa nailoni unaofungiwa kila kitu, chumvi, sukari, dagaa, hata maharagwe ya moto. Bibi yangu alikuwa mkuu wa bamama wa mapambo kanisani. Walikata kavera vipande, wakavikunja, wakavichana ncha kwa mkasi, wakavifunga kwa uzi waliouchomoa kwenye chandarua kilichochakaa. Nyeupe za Pasaka, za rangi rangi za Noeli. Za bluu na nyeusi zilikuwa za makaburini. Jua la huku Isingiro halina huruma, ua la kweli ukiliweka kaburini asubuhi, mchana limekuwa majani makavu.

"Ua ya kavera hainyaukake," bibi yangu alikuwa akisema. "Mama yangu hawezi kulala bila ua."

Mama mkwe tulimzika Rubondo, mwaka wetu wa pili. Bibi alimbadilishia maua kila aliposikia moyo unamsukuma. Yale ya zamani yalikwenda na upepo, na hakuna aliyeuliza upepo unayapeleka wapi. Makaburi hayakuwa na uzio wa miti wala waya.

Filimu zangu nilizipeleka Mbarara kusafishwa. Mwenye studio ile alikuwa binti wa askari, kazaliwa ndani ya kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha amri, kifupi. Siku moja nilikuta ametundika ukutani picha kubwa kama mlango. Ndani yake mlikuwa na jerikeni la njano lililopasuka, limelala kwenye dimbwi, na mawingu yanaonekana majini. Basi. Nilitafuta mtu, sikumwona.

"Mwenyewe amekwenda wapi?" nikauliza.

"Hapana mtu, mzee. Hiyo ni sanaa."

"Nani aliiagiza?"

"Hapana mtu."

"Basi umeharibu filimu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, wewe umesimama hapo tangu umeingia. Wateja wako unaangalia muda hiyo yote?"

Nikachukua picha zangu nikatoka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza. Jerikeni nimelibeba miaka na miaka, kichwani, begani, kwenye baiskeli, nikapanga nalo foleni kisimani. Sikuwahi kuliangalia. Yule binti alikuwa amelifanya nini hata macho yangu yakanaswa? Swali hilo lilinikaa kama mfupa wa samaki kooni.

Sasa mfugaji. Alikuwa Munyankore, mwenyeji wa Endiinzi jirani na kambi, mtu wa rika langu, aliyetuletea maziwa kwa baiskeli na kuokota Kiswahili chake milangoni mwetu. Yeye hakutaka kupigwa picha. "Mimi uso yangu najua," alisema. Alitaka ng'ombe wake wapigwe. Kati ya ng'ombe wote alikuwa na wawili wa moyoni: mmoja mkubwa, mwekundu mweusi kama kahawa iliyokaangwa, pembe ndefu kuliko mikono yangu nikiinyoosha, na mtamba wake, binti wa yule yule. Ng'ombe mkubwa alikuwa heshima ya nyumba. Mtamba alikuwa ameahidiwa kwa wakwe, mahari ya mtoto wa kiume wa mfugaji. Wakwe walikwisha kumwona, wakamsifu, wakamkubali yeye na si mwingine.

Alinipeleka malishoni nimpige yule mkubwa kwa sababu ana mimba. Nilimzunguka. Nikaona amekonda mgongoni, mbavu zinahesabika, lakini tumbo limevimba upande mmoja kama gunia lililopakiwa vibaya.

"Mbona mimba imeegemea kushoto?" nikauliza.

"Ni dume. Dume inalala vile."

Nani abishane na Munyankore juu ya ng'ombe? Nilimpiga picha akiwa ameinua kichwa, pembe zote mbili ndani, mbingu nyuma yake. Ilikuwa picha nzuri. Nasema mwenyewe kwa kuwa ni kweli.

Hata mwezi haukuisha, mtoto wa mfugaji akaja mbio kwa baiskeli: baba anasema njoo na kamera. Nikadhani ng'ombe amezaa. Nilipofika nikamkuta amelazwa kwenye majani, amekufa, na wamempasua kumtafuta ndama. Hapakuwa na ndama. Kilichokuwapo ni kitu kikubwa kama godoro la mtoto lililokunjwa, kigumu, kinateleza, chenye rangi zote. Kavera. Nyasi alizokula ng'ombe maisha yake yote zilikwisha kuwa maziwa na mavi, lakini kavera ilikuwa bado ina bluu yake, ina weupe wake, kama imetoka dukani juzi. Nilikaribia kuliko ilivyo adabu. Nilitaka kuona.

Mfugaji hakupiga kelele. Alikuwa amechuchumaa, fimbo magotini.

"Hii imetoka kwenu," alisema.

"Kavera hata Endiinzi iko."

"Iko. Lakini ng'ombe yangu alikunywa maji huko kwenu, akapita katika makaburi yenu, akalamba chumvi yenu. Sasa mtamba naye anakunywa hapo hapo. Kiangazi hii, maji ingine sina. Akikufa, ssebo, mtoto yangu hana bibi. Ambia watu yako."

"Watu wangu hawaambiki," nikamjibu. "Ukiwaambia wewe, watasema Munyankore anatutafutia sababu ya kutufukuza. Nikiwaambia mimi, watasema nimekunywa maziwa yako."

Alinitazama, kisha akatazama kamera kifuani pangu. "Basi onyesha. Wewe si mtu ya picha?"

Hapo ndipo aliponifunga. Nililitia lile zigo ndani ya gunia, nikalipeleka nyumbani kwenye kibebeo cha baiskeli, na mbwa wa Rubondo wote wakanisindikiza.

Nililiosha mbali na kisima, maji baada ya maji, mpaka harufu ikapungua. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikakiweka kitu kisicho mtu mbele ya kitambaa cha bluu. Nikangoja jua lishuke liingie kwa ubavuni, kama ninavyongoja kwa bibi arusi ili shela yake ing'ae. Nikapiga, nikasogea, nikapiga tena. Mikunjo ya kavera ilishika mwanga kama hariri. Nilipozipeleka Mbarara, binti wa askari alizitoa majini akaziinua kwenye mwanga. Halafu akasema, "Mzee. Na wewe sasa unaharibu filimu." Akanikuzia moja bila kuniuliza, kubwa, nikaibeba imeviringishwa chini ya kwapa.

Niliitundika nje ya studio yangu. Nilijua kesho yake watu watasimama kama nilivyosimama mimi mbele ya jerikeni. Na kweli walisimama! Wa kwanza alikuwa msichana aliyekaribia kuolewa.

"Papa, hii ua ya muzuri hivi inatoka wapi? Ulaya?"

"Si ua."

"Ni nini?"

"Ni kavera. Imetoka tumboni mwa ng'ombe. Imemuua."

"Kumbe!" Akaikaribia zaidi. "Iko muzuri. Na mimi nataka unipige pembeni yake. Nisimame kuume ao kushoto?"

Na hakuwa peke yake. Walikuja kutoka hata Juru, wamepanda baiskeli wawili wawili, wakitaka picha na "ua ya Papa". Kijana mmoja alitaka kuliketia zigo lenyewe. Niliwaeleza wote, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema masikini ng'ombe, kisha wakajipanga kola. Sijawahi kupata wateja namna ile.

Basi nikaitoa, nikatundika nyingine, ile niliyoipiga Endiinzi siku ya kifo chenyewe, ng'ombe amepasuliwa, damu na yote. Hiyo haikufika jioni. Mama walipita wamewafunika watoto macho. Bibi yangu akaishusha mwenyewe.

"Hapa ni fasi ya kupigisha picha ao ni buchari?" aliniuliza. "Unafukuza batu."

Nikakaa na mshangao. Picha nzuri, watu wanaipenda bila kuisikia. Picha mbaya, watu wanaikimbia kabla ya kuisikia. Sasa mtu afanye nini? Siku zile redio ilitangaza kwamba serikali imepiga kavera marufuku. Tuliisikiliza habari hiyo dukani, wote tumetega masikio, na mwenye duka akitikisa kichwa kwa kukubali huku anatufungia sukari, kila mtu ndani ya kavera yake. Nikasema moyoni, ndiyo maana nilimwambia mfugaji watu wangu hawaambiki. Kumbe hakuna mtu anayeambika.

Na mtamba aliendelea kupita. Nilimwona mara nyingi akishuka kunywa maji, pua chini, anapita katikati ya misalaba. Mfugaji alitembea ubavuni pake kama mlinzi, lakini nani awezaye kulinda mdomo wa ng'ombe?

Siku moja, kwa udadisi tu, nikalichukua lile zigo nikaanza kulifumua. Nilitaka kujua limejifungaje. Lilikuwa limesukwa kama kamba, kavera imeingia ndani ya kavera, hata huwezi kujua ilianza ipi. Nikavuta kipande cha bluu. Kikatoka kimechanwa ncha. Nikavuta kingine. Katikati yake palikuwa na uzi, umezungushwa na kufungwa fundo. Uzi wa chandarua.

Niliujua uzi ule. Chandarua kile nililala chini yake miaka.

Nikavuta yote yaliyovutika, nikayaosha, nikayapanga juani. Mengine yalikuwa maua mazima kabisa. Bibi alikuwa shambani. Ningeweza kumngoja nikamwambia, lakini namjua: ni mwanamke asiyeamini kitu cha kuambiwa, mpaka akione. Kwa hilo tunafanana, ndiyo maana tumekaa pamoja. Na hapo, nikiwa nimeshika lile ua la bluu na jeusi mkononi, nikaelewa picha ninayotakiwa kupiga. Kumbe nilikuwa nimekwisha kuipiga zamani.

Kwetu mtu akifa, picha yake inatiwa kwenye kadre, ile fremu ya mbao, inawekwa juu ya kigoda chenye kitambaa cheupe mbele ya nyumba, na maua yanaizunguka pande zote. Watu wanakuja, wanakaa chini, wanaiangalia. Hawapiti. Matanga ndiyo mahali pekee ambapo mtu wetu anaangalia picha bila kuwaza atasimama kuume au kushoto. Niliichukua ile picha nzuri ya ng'ombe akiwa hai, pembe zote mbili, nikaitia kwenye kadre. Nikayafunga maua yaliyotoka tumboni mwake kuizunguka, moja moja, kwa nyuzi zao zenyewe. Nikatoa kigoda, nikatandika kitambaa cheupe, nikaiweka mbele ya nyumba Jumamosi asubuhi, nikaipiga picha, kisha nikakaa pembeni.

Sikumwita mtu. Hilo naliapia mpaka leo.

Jirani wa kwanza aliiona kutoka mbali, ule weupe na yale maua, akarudi ndani. Akatokea na mzigo wa kuni kichwani, kama desturi, akautua uani kwangu akaanza kulia. Wa pili akaleta maharagwe. Wanaume wakaja na vigoda vyao. Mzee mmoja wa kanisa akanishika bega, "Pole sana, ndugu. Ni nani ametutoka?"

Nikamwonyesha kadre kwa kidevu. Akasogea. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii ni ng'ombe."

"Ni ng'ombe."

"Unatuita kwa matanga ya ng'ombe?"

"Mimi sikuita. Mmejiita."

Kikawa kicheko, kikawa na hasira ndani yake. "Huyu mzee amerukwa!" "Muchukue kuni zenu!" "Maharagwe yangu hapana, narudisha!" Mama mmoja akasema, "Lakini mufu ana pembe, atapita wapi mbinguni?" Wakacheka zaidi, na wakacheka wakiwa wamekaa, maana aliyekwisha kukaa matangani haondoki upesi. Wakaendelea kuangalia. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja.

Bibi yangu alirudi kutoka shambani, jembe begani. Aliona watu, aliona kitambaa cheupe, akaona mimi niko hai. "Nani?" akapiga ukelele, akakimbia mpaka kwenye kigoda. Hakumwangalia ng'ombe hata kidogo. Aliangalia maua. Akalishika moja la bluu na jeusi, akaligeuza, akatafuta fundo kwa kucha ya kidole gumba.

"Hii ni mukono yangu," akasema.

Kicheko kikapungua.

"Hii niliweka kwa mama. Nani aliitoa kwa mama yangu?"

"Ng'ombe," nikasema. "Ilikuwa tumboni mwake. Yote haya yalikuwa tumboni mwake."

Bamama wa mapambo wakasogea mmoja mmoja. Kila mwanamke anajua mkasi wake. Huyu huchana ncha nene, yule hukunja mara mbili. Walikuwa wanatafuta kwenye kadre kama wanatafuta watoto wao shuleni, na kila aliyepata aligusa fundo lake kwa kidole. Mmoja akasema polepole kwamba la kwake alilichana kutoka kwenye kavera ya chumvi, na hakuiosha sana, maji yalikuwa ya foleni.

Bibi akanigeukia. "Ungeniambia ndani ya nyumba."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa hasira yake kubwa.

Lakini alikwenda makaburini. Alikwenda peke yake kwanza, akaokota. Kisha wengine wakamfuata, si wote. Mmoja alimwambia usoni kwamba mfu bila ua ni kama mtoto bila nguo, na la kwake halitatoka. Hawakumshinda. Bibi alichimba mishubiri porini, ile yenye miiba na maua mekundu ambayo hata mbuzi anaionja mara moja tu, akaipanda kwa mama yake. Asubuhi kabla ng'ombe hawajashuka kunywa maji, wanawake walipita njia nzima wakiokota. Mfugaji alisimama na mtamba wake pembeni akiwatazama. Hakushukuru. Alinyoosha fimbo, akasema, "Pale moja imebaki."

"Macho yako iko na mikono?" bibi yangu akamjibu. Akainama mfugaji mwenyewe, akaiokota, akaitia mfukoni mwa koti.

Picha ya kadre binti wa askari aliikuza, akaitundika Mbarara mahali pa jerikeni. Nilikwenda kuitazama zaidi ya mara moja. Nilikuwa nasimama nyuma, karibu na mlango, kuangalia wanaosimama mbele. Wengine waliinama kusoma maua. Askari mmoja mwenye nguo zake za kazi alivua kofia, sijui kwa ng'ombe au kwa joto.

Mvua zilipokuja na kwenda, mfugaji akatuita kwenye ndoa ya mtoto wake. Mtamba alikuwa amevuka kiangazi, amenenepa pande zote mbili sawasawa. Nilimzunguka mwenyewe kuhakikisha. Nilikwenda kupiga picha, bibi yangu amevaa kitenge chake cha Pasaka. Wakwe walikuwa wamejenga kibanda kizuri cha nguzo za miti. Na nguzo zote, kutoka juu mpaka chini, wamezivika maua. Meupe na ya waridi. Ya kavera. Hata kwao walikuwa na bamama wa mapambo.

Mtamba wakamfunga kamba kwenye nguzo moja, akae aonekane wakati wazee wanampokea. Niliweka kamera jichoni. Hotuba ikaanza, ndefu, kwa Kinyankore. Mtamba akanyoosha shingo. Akatoa ulimi.

Sikuona bibi yangu alivyoinuka. Nilimwona tu ndani ya kioo cha kamera, katikati ya wazee, anavuka mbele ya wakwe wote na kitenge chake kinaburuta, anafika kwenye nguzo, anashika ua lililo karibu na mdomo wa mtamba na kuling'oa. Kisha la juu yake. Kisha mengine, kwa mikono miwili, anayasokomeza kifuani ndani ya nguo. Hotuba ikakatika.

Mama wa upande wa wakwe akasimama. "Wewe mama! Unaiba maua yetu?"

"Ndiyo," bibi yangu alisema, bila kugeuka. "Naiba."

Mfugaji akaanza kucheka, akacheka peke yake mbele ya watu wote wale, na mimi nikapiga.

Picha hiyo iko ukutani kwangu. Bibi amenipa mgongo, mtamba anamtazama, na hakuna hata mtu mmoja ndani yake aliyejipanga.